Majusi wa Moto na Fomula Isiyo ya Moto



Katika kikundi chetu hapa Kabambare ulizuka ubishi uliodumu majuma mawili, nao haukuhusu mpira wala zamu za kufagia kanisa. Ulihusu majusi. Msichana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, alikuwa amechukua nafasi ya majusi bingwa wa moto katika mchezo wa masimulizi ambao nitaueleza hivi punde. Alikuwa amefikia daraja la 2, na kanuni zilimruhusu kuandika fomula 2 mpya katika kitabu chake. Wenzake walitaka zote 2 ziwe za moto, kwa kuwa moto ndio ubingwa wake. Yeye alitaka moja iwe ya fani nyingine kabisa. Walipoona hawapatani, waliniletea mimi swali lao: je, mtu mwenye ubingwa wake achague uwezo ulio nje ya ubingwa huo? Na akiuchagua, autumie mzani gani?

Nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia, kwa maana naona kwamba kila mmoja wenu ataulizwa swali lile lile na maisha, pasipo mchezo wowote mezani.

Kwanza niueleze mchezo wenyewe. Jina lake ni Dungeons & Dragons. Ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1974 nchini Marekani, nao ni kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Hauna ubao kama dama wala kete za kukimbizana kama ludo. Wachezaji huketi kuizunguka meza. Mmoja wao huwa msimulizi, na wengine kila mmoja hushika mhusika wake: askari, mwizi mwepesi wa miguu, kuhani, majusi. Msimulizi huwaambia, "Mmefika kwenye mto, mvua inanyesha, na ng'ambo mnaona moshi, mnafanya nini?" Kila mmoja hujibu kwa niaba ya mhusika wake. Pale ambapo matokeo hayana hakika, hutupwa dadu yenye pande 20. Katika soko letu dadu ya namna hiyo haipatikani. Vijana wetu wamekata vikaratasi 20, wakaviandika namba, wakavitia katika mkebe wa maziwa, nao huchomoa. Kanuni wanazisoma katika simu ya kijana mmoja aliyerudi kutoka masomoni, kwa sababu tangu Januari 2023 kampuni inayoumiliki mchezo huo imeziachia kanuni za msingi zitumiwe na watu wote bure.

Kila mhusika hupimwa kwa mambo 6: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na mvuto. Askari hutegemea nguvu. Majusi hutegemea akili. Uwezo wa majusi umo katika kitabu chake, ambamo ameandika maneno ya kazi yake. Vijana wetu huyaita fomula, kama zile za hesabu, nami nitalifuata neno lao.

Yanipasa kusema jambo juu ya neno lingine, yaani majusi. Baadhi ya wazazi waliposikia kwamba watoto wao wanacheza mchezo wenye watu wa namna hiyo, walifadhaika, na wana haki ya kuuliza. Katika nchi yetu neno mlozi halichezewi. Wazee wamefukuzwa katika nyumba zao, na wengine wamepoteza uhai, kwa sababu mtu mmoja alilitamka neno hilo mbele ya umati wenye hasira. Kanisa nalo, katika Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992, linakataza waziwazi uaguzi na kila jitihada ya kutiisha nguvu zilizofichika. Kwa hiyo niliketi pamoja nao jioni kadhaa, nikasikiliza. Sikusikia mtu akimwita pepo wala akimtakia jirani mabaya; nilisikia watu wakihesabu, wakibishana na kusaidiana katika hadithi, kama sisi tulivyokuwa tukimsikiliza bibi akisimulia habari za sungura na fisi penye moto. Tulikubaliana mambo mawili. Mhusika huyo ataitwa majusi, jina ambalo Maandiko yetu ya Kiswahili huwapa wale wageni wa mashariki waliokuja na zawadi zao, wala hataitwa kwa jina linalotumiwa kuwaua wazee. Na ile sehemu ya kanuni inayohusu kuwaamsha wafu, wachezaji wetu wameifunga, haichezwi. Wazazi waliitwa waje kutazama. Wawili walikuja, na mmoja alichomoa kikaratasi.

Sasa turudi kwenye swali. Kanuni za mchezo huo hugawa kazi za majusi katika fani 8. Kuna fani ya kinga, ya kuita vitu, ya kutambua yaliyofichika, ya kuvuta nia za watu, ya moto na radi, ya mazingaombwe, ya wafu, na ya kugeuza maumbile. Majusi anaweza kuwa bingwa wa mojawapo. Mimi niliyezoea kusoma mitaala ya shule nilipendezwa kuona jinsi watunga kanuni walivyobadili mawazo yao kadiri miaka ilivyopita. Katika toleo la 2, la mwaka 1989, bingwa alipewa fomula 1 ya ziada katika kila ngazi ya fani yake, lakini fani zilizo kinyume na yake zilifungwa kwake kabisa, asiweze kujifunza hata fomula moja. Toleo la 3, la mwaka 2000, liliendelea kumdai bingwa aache baadhi ya fani, ila lilimpa nafasi ya kuchagua cha kuacha. Toleo la 5, la mwaka 2014, liliondoa kufuli lote. Bingwa anaweza kujifunza fani yoyote, lakini kwa bei. Akikuta fomula katika kitabu cha mwingine na kutaka kuinakili, atatumia saa 2 na vipande 50 vya dhahabu kwa kila ngazi ya fomula hiyo. Ikiwa ni ya fani yake mwenyewe, atatumia nusu ya muda na nusu ya fedha.

Hapo pana hekima ambayo sikuitarajia katika mchezo. Ubingwa haukufungii milango mingine, bali unaipunguza bei ya mlango wako. Jambo la fani yako utalijifunza kwa saa moja. La nje litakugharimu mbili. Anayedhani kwamba ujuzi wa nje haupatikani kabisa anajidanganya, naye anayedhani kwamba haumgharimu kitu anajidanganya vilevile.

Kuna kanuni nyingine inayonifurahisha zaidi. Majusi akivaa vazi la chuma ambalo hakufundishwa kulivaa, hawezi kutamka fomula hata moja. Kijana mmoja mwenye hamu ya vita alitaka majusi wake awe na vazi la chuma na upanga mkubwa, ili asidharauliwe na maaskari. Kanuni zikamjibu: vaa ukitaka, lakini utakuwa askari dhaifu na majusi bubu. Basi uwezo wa nje si wa aina moja. Upo unaokaa pembeni ya ubingwa wako na kuusaidia, na upo unaouziba kinywa. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mshika mawili, moja humponyoka.

Na tena kuna suala la mwili. Majusi ndiye dhaifu kuliko wote mezani. Uhai wake huhesabiwa kwa dadu ya pande 6, hali wa askari huhesabiwa kwa dadu ya pande 10. Wachezaji wapya huweka akili juu kabisa, jambo lililo sawa, kisha huutupa ustahimilivu mwishoni, kana kwamba majusi hana tumbo wala mapafu. Mshale wa kwanza ukiwapata, akili yote hulala chini pamoja nao. Wazoefu huweka akili kwanza, na mara nyingi ustahimilivu au wepesi hufuata. Hakuna fomula inayotamkwa na maiti.

Msichana wetu alifanya nini? Aliandika fomula moja ya moto, na ya pili akaichukua katika fani ya kugeuza maumbile: ile ambayo, ikitamkwa kwa haraka, huwafanya watu wanaoanguka, wasiozidi 5, washuke polepole kama unyoya. Wenzake walinung'unika kwamba amepoteza nafasi. Jumapili mbili baadaye msimulizi aliwapitisha juu ya daraja la kamba lililolegea. Walikuwa 5. Kamba ikakatika. Moto wote uliokuwa katika kitabu chake usingewafaa kitu, maana mtu anayeanguka genge hahitaji kuchoma chochote.

Nilimwuliza alijuaje. Alijibu kwamba hakujua. Aliwatazama tu wenzake mmoja mmoja. Askari ana nguvu, kuhani anaponya, mwizi anafungua makufuli, na yeye mwenyewe anachoma. Lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kumdaka mwenzake anapoanguka. Tena msimulizi alikuwa amekwisha sema kwamba njia inapita milimani. Jibu hilo limebeba mzani mzima wa jambo hili, na nataka kuuonyesha kwa kundi jingine ambalo halikubuniwa na mtu, kundi lililokanyaga udongo huu wetu.

Mnajua, au imewapasa kujua, kwamba Kabambare imeandikwa katika vitabu vya safari za kale kwa jina la Bambarre. Daktari David Livingstone, Mskoti, mhubiri wa Kiprotestanti, alifika hapa Septemba 1869. Alikuwa akitafuta chemchemi za mto Nili, naye alisafiri kwa msaada wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa, watu walewale aliowachukia kwa biashara yao. Mwezi wa Julai 1871, katika soko la Nyangwe, aliwaona watu wa Maniema wakiuawa kwa bunduki, na habari hiyo ilifika mbali. Katikati ya mwaka 1870 wengi wa watu wake walikuwa wamemwacha. Waliobaki naye ni watatu: Chuma, Susi na Gardner. Mwezi wa Julai alirudi Bambarre akiwa na vidonda vya miguu vilivyomzuia kutembea, akakaa hapa hadi Februari 1871.

Mtazameni bingwa huyo katika hali yake. Alisomea udaktari, lakini dawa zake hazikumfaa. Nafuu aliipata kwa jiwe la kijani la madini ya shaba lililosagwa juu ya jiwe kwa maji, kisha likapakwa kwenye vidonda kwa unyoya. Alikuwa mwandishi asiyechoka, lakini karatasi na wino vikamwishia. Mwaka 1871, akiwa katika Maniema, aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani la Uingereza, mistari yake ikikata ile iliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa kwa mmea wa huku kwetu. Wino huo ulififia kiasi kwamba maneno yake yalisomeka vizuri tena mwaka 2011 tu, baada ya wataalamu kuzipiga picha kurasa hizo kwa mianga ya rangi mbalimbali. Udaktari haukumfundisha kutengeneza wino. Njia ndiyo iliyomdai ujuzi huo, naye akaulipia.

Lakini waliokamilisha somo ni watumishi wake. Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wakati huo kundi lilikuwa limeongezeka kwa watu waliotumwa kutoka pwani mwaka 1872. Walikata shauri kuuchukua mwili wake hadi baharini, safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu. Nani angeuhifadhi mwili usioze? Hakuwapo daktari mwingine. Alikuwapo mtu aitwaye Farijala, ambaye hapo zamani alikuwa mtumishi wa daktari mmoja huko Unguja, na katika utumishi ule alikuwa ameona jinsi maiti inavyofunguliwa. Ndiye aliyeifanya kazi hiyo, wenzake wakimsitiri. Mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa juani siku 14. Nani angesoma sala za maziko ya moyo wake chini ya mti? Jacob Wainwright, kijana aliyesoma shule ya wamisionari huko Nassick, Uhindi, ndiye aliyezisoma, kisha akachonga maandishi juu ya gome la mti ule.

Na nani aliongoza safari? Chuma na Susi. Susi, kabla ya yote, aliajiriwa kwa kazi za meli kwenye mto Zambezi. Sasa alikuwa akiongoza watu nchi kavu, mbali na meli yoyote. Walipokwisha kupita Unyanyembe, watu wa njiani hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Wasafiri wakafunga mabua ya mtama yafanane na maiti, wakatuma watu walirudishe bunda hilo kana kwamba wamekubali kumzika huko nyuma. Mwili wenyewe wakaufunga upya kama mzigo wa nguo za biashara, wakapita. Vijana wetu wangesema kwamba hiyo ni fani ya mazingaombwe, nayo ilitumiwa na watu wasiokuwa mabingwa wake. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili ukapokelewa katika misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, kabla ya kupelekwa Uingereza na kuzikwa London tarehe 18 Aprili mwaka huohuo.

Tazameni kile ambacho kila mmoja alikitoa. Farijala hakujifunza ile kazi ili aonekane mjuzi. Alikuwa mtumishi, akatazama kwa makini jambo ambalo halikuwa kazi yake, akaliweka moyoni. Miaka ilipita, na siku moja kundi zima lilisimama juu ya kile alichokiona. Angekuwa amesema, "Mimi ni mtumishi tu, mambo ya waganga hayanihusu," safari ile ingeishia Chitambo.

Mimi nilisomea ualimu, na kazi hiyo nimeifanya kwa miaka zaidi ya 25. Ualimu ndio moto wangu. Humo hujifunza kwa nusu ya bei. Lakini mapema katika kazi yangu nilipangwa katika shule ya kijiji kilicho mbali na kituo cha afya, na muuguzi aliyepita kwa chanjo alikubali kunifundisha jambo dogo: maji safi yaliyochemshwa lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Alinifanya nilirudie mbele yake mpaka nikalipima bila kukosea, maana chumvi ikizidi inadhuru. Lilinichukua alasiri nzima, alasiri ambayo ningeweza kusahihisha madaftari.

Miaka mingi baadaye tulikuwa njiani na kwaya, tukienda kwa miguu kwenye sikukuu ya parokia jirani, msimu wa mvua. Usiku mtoto mmoja wa kwaya alianza kuharisha, na kabla ya jogoo kuwika macho yake yalikuwa yamezama na ngozi ya mkono ilipobanwa haikurudi upesi. Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa saa 5. Sukari ilitoka katika mfuko wa mama aliyekuwa amejiwekea kwa chai, chumvi ikatoka kwa wapishi, na kipimo kikatoka kwangu. Vijana wawili wenye miguu mizuri walimbeba katika kitanda cha miti, nami nikaenda pembeni na kikombe, nikimnywesha kidogo kidogo njia nzima. Muuguzi aliyetupokea alisema kwamba mtoto amefika akiwa na maji mwilini, naye akaendelea pale nilipoishia. Leo mtoto yule ni baba wa watoto.

Ule usiku sikuwa muuguzi. Nilibaki mwalimu anayejua jambo moja la uuguzi. Na jambo hilo moja lisingefaa kitu bila sukari ya mama, bila mabega ya vijana, bila muuguzi mwenyewe mwisho wa njia. Uwezo wa nje haukufanyi uwe watu wote. Unakufanya uweze kumshikilia mwenzako mpaka bingwa apatikane. Hata Mtume Paulo, ambaye hakuna anayeuliza ubingwa wake ulikuwa nini, alishona mahema huko Korintho pamoja na Akila na Prisila, ili asiwalemee aliowahubiria.

Sasa nageuka kwenu. Mwishoni mwa mwaka wa 8 wa elimu ya msingi mnaulizwa mchague sehemu: pedagojia, au biolojia na kemia, au biashara, au ushonaji. Ni uchaguzi mzito, na wengi mkishauchagua hufunga milango mingine yote kwa hiari yenu, kama majusi wa mwaka 1989. Nasikia mkisema: "Mimi ni wa pedagojia, hesabu si zangu." "Mimi ni wa ushonaji, Kifaransa cha nini?" Wengine hawachagui sehemu yoyote, huacha daftari na kwenda machimbo ya dhahabu upande wa Namoya na Salamabila. Siwezi kuwahukumu, maana najua njaa ilivyo. Lakini hata mchimbaji, akijua kuusoma mzani na kuzidisha gramu kwa bei, haibiwi kirahisi na mnunuzi. Mshonaji anayejua kutunza daftari la mapato anajua mwisho wa mwezi kama amefanya kazi au amecheza. Mwalimu anayejua kutengeneza baiskeli hufika darasani kabla ya wanafunzi.

Nanyi mnapochagua, msichague kwa wivu wala kwa kuiga. Yule aliyetaka vazi la chuma alichagua kwa sababu ya macho ya watu. Msichana wa moto alichagua kwa kuwatazama wenzake na kuitazama njia. Basi tazameni kwanza wale mnaotembea nao: familia, jumuiya, kijiji. Wana nini tayari, na ni kitu gani ambacho hakuna hata mmoja wao anacho? Kisha tazameni njia iliyo mbele: mvua zipi, magonjwa yapi, umbali gani, karatasi zipi zitawadai saini yenu. Mwisho pimeni bei, kwa maana itakuwa mara mbili. Kama bei ni alasiri moja, ilipeni. Kama bei ni kinywa chenu kuzibwa, yaani kuiacha kazi ambayo kwa hiyo watu wanawahitaji, liacheni vazi hilo kwa askari.

Na tena, msiuachilie moto. Wachezaji wetu waliniambia kwamba kipawa kimoja anachopata bingwa wa moto katika daraja la 2 ni uwezo wa kuwakinga wenzake wasiungue anapochoma. Hicho hakitoki katika fani ya nje. Ni tunda la ubingwa wenyewe. Anayeijua kazi yake kwa kina huifanya bila kuwaumiza walio karibu. Kwanza fikeni huko, kisha nyosheni mkono nje mkachukue kile kimoja ambacho kundi lenu limekikosa.

Katika mikutano yenu ya mwezi huu, jadilianeni maswali haya kwa zamu, kila mmoja akipewa nafasi ya kusikilizwa:

1. Taja ubingwa wako, ule unaojifunza kwa nusu ya bei. Ni nani aliyekuambia kwamba unao?

2. Katika kikundi chetu, ni uwezo gani ambao hakuna hata mmoja wetu anao, nasi tutauhitaji kabla ya msimu wa mvua kwisha?

3. Nani kati yetu yu tayari kuulipia, na sisi wengine tutambebea mzigo gani ili apate saa za kujifunza?